Masi ya moli haitoki sawa? Namba uliyopata itakuonyesha kosa lilipo

Mwanafunzi akiona masi ya moli aliyoipata si ile ya mwalimu, mkono unakimbilia kifutio. Ninaowasaidia masomo hapa Goma huwa nawaomba wasifute. Namba mbaya haitokei hovyo. Ukipata 107,5 pana sababu yake, ukipata 91,5 pana sababu nyingine, na ukishazifahamu utafika kwenye kosa haraka kuliko kurudia hesabu nzima na kuanguka palepale.

Tukumbushane kwanza. Masi ya moli ni gramu zinazobebwa na moli moja ya kitu, na moli moja ni chembe 6,022 × 10²³. Katika kaye zenu inaandikwa kwa herufi M, na kipimo chake ni g/mol. Kuitafuta, unachukua masi ya kila atomu kwenye jedwali la elementi, unaizidisha kwa idadi ya atomu hizo katika fomula, halafu unajumlisha. Hapa nitatumia namba za shuleni: H 1, C 12, N 14, O 16, Na 23, Al 27, S 32, Cl 35,5, Ca 40, Cu 63,5.

Kwa ninavyoona, karibu hakuna anayeshindwa kujumlisha. Kosa hutokea kabla mashine ya kuhesabia haijaguswa, wakati wa kusoma fomula.

## Dalili: fomula ina mabano na jibu halifanani na la kitabu

Hili ndilo linaloongoza. Tuchukue kitu ambacho kila mtu aliyechota maji ya ziwa Kivu wakati wa kipindupindu amekiona: unga wa klorini, ambao huyeyushwa na kutiwa kwa sindano katika kila bidoni ufukweni. Unga unaotumika sana kwa kazi hiyo ni hipokloriti ya kalsiamu, Ca(ClO)₂. Jibu sahihi ni 143 g/mol. Angalia wewe umepata nini.

Umepata 107,5: ile 2 umeipa oksijeni peke yake, yaani 40 + 35,5 + 32. Hili ndilo kosa la kawaida kabisa. Namba ndogo iliyo nje ya mabano ni ya kila kilichomo ndani, klorini nayo imo.

Umepata 91,5: hukuiona ile 2. Mara nyingi ni fomula iliyonakiliwa ubaoni kwa haraka, 2 ikabaki ubaoni.

Umepata 183: umezidisha kila kitu kwa 2, hadi kalsiamu iliyo nje ya mabano.

Kagua kirahisi kwanza. Kabla ya namba yoyote, andika pembeni orodha ya atomu: Ca 1, Cl 2, O 2. Jumla ni atomu tano. Kama orodha yako ina tatu, nne au sita, usiendelee, kwa sababu hakuna mashine itakayokuokoa.

Orodha ikiwa sawa na jibu bado linakataa, shuku mashine. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ukibonyeza 40 + 35,5 + 16 × 2 kwenye mashine ya kisayansi, inaanza na kuzidisha, inakupa 107,5. Bonyeza vilevile kwenye mashine ndogo za sokoni zinazohesabu kwa kufuata mstari, nyingi zitakupa 183. Wanafunzi wawili wa benchi moja, vidole vilevile, majibu mawili, na yote mawili si sahihi. Dawa ni kumaliza mabano peke yake kwanza: 35,5 + 16 = 51,5. Zidisha kwa 2, ni 103. Ongeza 40, ni 143.

Ukitaka kujipima, chukua salfeti ya alumini, Al₂(SO₄)₃, inayotumika kutuliza tope katika maji ya kunywa. Jibu ni 342. Aliyepata 278 ameipa oksijeni peke yake ile 3. Aliyepata 315 amesahau kwamba alumini ni mbili. Aliyepata 150 hakuzidisha mabano kabisa.

Angalizo moja hapa, nalisema kwa uzito wote. Hiyo 143 ni ya Ca(ClO)₂ safi. Unga wa ndoo si safi, mara nyingi klorini hai ni takriban 65 hadi 70 kwa 100, na hupungua unga ukikaa wazi au ukipata unyevu. Usitumie hesabu ya darasani kupima klorini ya maji ya kunywa nyumbani. Kipimo cha maji ni kazi ya aliyefunzwa, mwenye kifaa cha kupima klorini iliyobaki ndani ya maji.

## Dalili: jibu ni karibu nusu ya linalotakiwa

Maji yametoka 10 badala ya 18. Chumvi, NaCl, imetoka 28 badala ya 58,5. CO₂ imetoka 22 badala ya 44, nusu kamili.

Umechukua namba ya atomu, yaani idadi ya protoni, ukaacha masi ya atomu. Kinachofanya jibu likaribie nusu ni kwamba atomu nyepesi kama kaboni, naitrojeni na oksijeni zina nyutroni karibu sawa na protoni, kwa hiyo masi huwa takriban mara mbili ya namba ya atomu: 6 na 12, 7 na 14, 8 na 16. Kwa atomu nzito pengo linakua zaidi. Shaba ni namba 29 na masi yake ni 63,5.

Usitegemee kanuni ya «namba ya juu» au «namba ya chini». Majedwali hayafanani: lile la ukutani linaweza kuwa na masi chini, la kitabuni likawa nayo juu. Chukua namba kubwa kati ya hizo mbili, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye koma.

Mtego mmoja unastahili kutajwa peke yake. Namba 16 ni masi ya oksijeni, na papo hapo ni namba ya atomu ya salfa. Ndiyo maana SO₂, gesi kali inayotoka kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo, inaletwa ikiwa 48 badala ya 64. Mwanafunzi ameona 16 kwenye kisanduku cha salfa, akaizoea, akaichukua.

## Dalili: hesabu ya gesi haikubaliani na hali halisi

Sehemu hii naikalia zaidi, maana kwa mtu wa Goma si hesabu ya kupata alama tu.

Swali linakuja hivi: gesi fulani ni nzito au nyepesi kuliko hewa? Shuleni tunagawanya M ya gesi kwa 29. Hiyo 29 nayo ni masi ya moli ya hewa, na unaweza kuihakikisha mwenyewe. Hewa kavu ni naitrojeni takriban 78 kwa 100, oksijeni 21 na agoni karibu 1. Kwa hiyo 0,78 × 28 + 0,21 × 32 + 0,01 × 40 inakupa 28,96.

Sababu ya kwanza ya kosa: umechukua atomu moja pale ambapo gesi inatembea ikiwa atomu mbili. Naitrojeni ya hewani ni N₂, ni 28, si 14. Oksijeni ni O₂, ni 32. Klorini ni Cl₂, ni 71. Hidrojeni ni H₂, ni 2. Agoni, neoni na heli ndizo zinazotembea atomu moja moja. Ukikosea hapa, hewa itakutokea 14,7, na methani ya ziwa Kivu, CH₄ yenye 16, itaonekana nzito kuliko hewa. Kwa kweli 16 gawa kwa 29 ni 0,55. Methani ni nyepesi.

Sababu ya pili: umesoma CO₂ kama CO, ile 2 ikaanguka. Unapata 28, unagawanya kwa 29, inatoka 0,97, unaandika «gesi hii ni nyepesi kidogo kuliko hewa». Sahihi ni 44 gawa kwa 29, yaani 1,52. Gesi hiyo ni nzito mara moja na nusu.

Hapo ndipo mazuku, yaani mahali palipoinama panapojaa gesi inayoua, yanapoeleweka. Kwenye mabonde na mashimo ya mawe ya volkano, kuanzia ufukweni hadi upande wa Sake, CO₂ inatoka chini kupitia nyufa. Kwa kuwa ni nzito, na hasa usiku na alfajiri pasipo upepo, inajaa mahali palipoinama. Mbuzi anayeinamisha kichwa kula majani anaivuta kabla ya mchungaji aliyesimama, na mtoto anaivuta kabla ya mtu mzima. CO₂ ikizidi 10 kwa 100 katika hewa, mtu anaweza kuzimia kwa dakika chache. Yote hayo yamo ndani ya tofauti kati ya 44 na 29, na mwanafunzi aliyeangusha ile 2 ameandika kinyume chake.

Usiende mbali mno na hoja hii, lakini. CO₂ iliyokwisha kuchanganyika na hewa haijitengi tena na kushuka chini. Inayotuama ni ile inayotoka kwa wingi mahali pamoja kuliko upepo unavyoweza kuitawanya. Ziwa Nyos kule Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, lilitoa wingu la CO₂ lililoteremka mabondeni na kuua watu karibu 1.700. Gesi iliyoyeyuka katika kina cha Kivu ni nyingi kupita ile kwa mbali, takriban kilomita za ujazo 300 za CO₂ na 60 za methani, na kwa sasa imeshikiliwa chini na uzito wa maji.

Na CO yenyewe, ile ya 28? Hiyo ndiyo ya jiko la makala lililoingizwa ndani ya nyumba iliyofungwa. Kwa kuwa 28 iko karibu kabisa na 29, haitulii sakafuni wala haipandi darini. Inaenea chumba kizima, na anayelala kitandani hana nafuu kuliko anayelala mkekani.

## Dalili: jibu ni mara mbili kamili, au mara tatu

Hili ni fupi. Katika CH₄ + 2 O₂ → CO₂ + 2 H₂O, ile 2 kubwa iliyo mbele ya H₂O ni idadi ya moli katika mlinganyo. Haimo ndani ya masi ya moli. M ya maji ni 18 hata mlinganyo ukiwa na 2, 6 au 100 mbele yake. Namba ndogo za chini ni za fomula, namba kubwa za mbele utazitumia baadaye kwenye uwiano.

## Dalili: jibu liko mbali kabisa na la mwalimu, na mabano hayamo

Soma upya alama, herufi kwa herufi. Co ni kobalti, atomu moja ya 59. CO ni kaboni na oksijeni, 28. Kaboneti ya kobalti, CoCO₃, ni 119. Ukipata 88 umeisoma C, O, C na O tatu. Katika nchi inayochimba kobalti nyingi kuliko nyingine yoyote duniani, tuishike hii vizuri.

Makosa mengine ya jamii hii: potasiamu ni K, P ni fosforasi. Sodiamu ni Na, N ni naitrojeni, ile tunayoiita azoti darasani. Mn ni manganizi, Mg ni magnesi. Herufi ya pili siku zote ni ndogo, na mwandiko mbaya unaua alama nyingi kuliko ujinga. Iandike l ya Cl kwa mkunjo ili isisomeke kama 1.

## Dalili: fomula ina nukta katikati

Salfeti ya shaba ya buluu ni CuSO₄·5H₂O. Nukta ile si ya kuzidisha. Inasema kwamba katika fuwele, kila CuSO₄ moja iko pamoja na maji matano. Ni kujumlisha: 159,5 + 5 × 18 = 249,5.

Umepata 14.355? Umezidisha 159,5 kwa 90. Umepata 185,5? Ile 5 umeipa hidrojeni peke yake: 159,5 + 10 + 16. Umepata 159,5? Umeacha maji yote, na hili ndilo lenye hasara maabarani. Ukipima gramu 159,5 za fuwele za buluu ukidhani ni moli moja, una moli 0,64 tu, maana 36 kwa 100 ya ulichoweka kwenye mizani ni maji. Angalia rangi ya chupa: buluu ina maji, nyeupe imekaushwa.

## Dalili: M ni sahihi lakini moli hazitoki

Gramu 36 za maji ni moli ngapi? Ukisema 0,5, umegawanya M kwa masi badala ya masi kwa M. Ukisema 648, umezidisha. Jibu ni 36 gawa kwa 18, yaani moli 2. Jiulize tu: kama moli moja ni gramu 18, je, gramu 36 zinaweza kuwa chini ya moli moja?

Jibu likiwa dogo mara 1.000, umeacha kilo bila kuzigeuza. Bidoni ya lita 20 ina kilo 20 za maji, ni gramu 20.000, yaani karibu moli 1.111. Aliyeandika 1,11 amesema kwamba bidoni nzima ina maji pungufu ya mnywo mmoja.

## Dalili: tofauti ni ya desimali tu

Umepata 58,5 na kitabu kinasema 58,44. Hujakosea. Kitabu kimetumia Na 22,99 na Cl 35,45. Tumia namba zilizotolewa kwenye swali, na ufupishe mwishoni tu, usifupishe kila hatua.

Klorini ndiyo usiiguse. Watu hupenda kuifanya 35 au 36 ili kuepuka koma, na wanaharibu. Ile nusu ni ya kweli: klorini ya asili ni mchanganyiko wa atomu za masi 35, takriban 76 kwa 100, na za masi 37, takriban 24 kwa 100. Wastani wake ni 35,5, ingawa hakuna atomu hata moja yenye masi hiyo.

Tofauti ikizidi moja, na umeshakagua orodha ya atomu, jedwali na mashine, basi inawezekana fomula ya kitabu au ya nakala ya picha ina kosa la chapa. Mpelekee mwalimu pamoja na hatua zako zote, si jibu peke yake.

## Mahali pa kuacha hesabu na kumwita anayehusika

Mazuku: ukiona nyasi zimekauka kwenye shimo, wadudu au ndege wamekufa, au mtu ameanguka bondeni, usishuke. Si kwa kumwokoa, si kwa kupima na kibiriti. Kitambaa au barakoa ya vumbi haizuii CO₂ hata kidogo. Piga kelele, zuia wengine wasimfuate, ita wa ulinzi wa raia wenye vifaa vya hewa. Ukigundua mahali papya, toa taarifa kwa Observatwari ya Volkano ya Goma.

Klorini: usichanganye javeli au unga wa klorini na asidi, siki au dawa ya choo ili kuona hesabu ikitokea kweli. Inatoka Cl₂, ile ya 71, nzito mara 2,4 kuliko hewa, na inachoma mapafu. Ikitokea kwa bahati mbaya, toka nje, nenda juu na upande upepo unakotoka, usirudi kusafisha. Anayekohoa au kubanwa na kifua apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata akisema amepata nafuu.

Asidi ya betri: H₂SO₄ ni 98, na kujua hiyo 98 hakukupi ruhusa ya kuipunguza nguvu mwenyewe. Kazi hiyo ni ya maabara, mwalimu akiwa karibu, miwani machoni, asidi ikimiminwa polepole ndani ya maji na kamwe si maji ndani ya asidi. Ikikurukia, vua nguo iliyolowa, suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha uende kituo cha afya.